Uso wa Mgeni, Mwanga wa Dirisha

Mjukuu wetu alipofikisha wiki tatu, mume wangu alikuwa bado hajamwona. Walilala nyumba moja, wakaamka nyumba moja, na kila siku baada ya chai alipakatishwa mtoto. Lakini kumwona, hapana.

Mume wangu alikuwa mchora mabango. Kwa miaka arobaini aliandika kwa brashi majina ya maduka, saa za kufungua zahanati, na "Mbwa Mkali" kwenye mageti ambayo ndani hayakuwa na hata paka. Mtaani wanamwita Fundi Herufi mpaka leo. Presha ya macho ilimwingia kimyakimya, ugonjwa usiouma wala kubisha hodi. Jicho la kushoto lilizima kwanza. La kulia lilibakiwa na tundu dogo katikati, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na hata humo tunduni rangi zilikuwa zimechuja. Nyekundu na kijani kwake vilikuwa mtu na pacha wake. Alichoweza kukiona bado ni cheusi kilichokaa juu ya cheupe.

Daktari wa macho alituambia bila kuzungusha maneno. Dawa ya matone inachelewesha tu, hairudishi kilichokwenda. Tundu lilikuwa linaziba. Inaweza kuwa miezi, alisema, inaweza kuwa wiki. Kisha akanyanyuka, akamshika mume wangu kiwiko, akatembea naye mpaka mwisho wa ngazi ingawa watu walikuwa wamejaa mlangoni wakimsubiri. Sijamsahau kwa hilo.

Mtoto alikuja katika siku hizo. Mama yake ni kitinda mimba wetu, alirudi kwetu kujifungua na kupumzika. Mtoto ana jina lake kwenye karatasi za kliniki, lakini nyumbani tulimwita Mgeni, maana tangu aingie, sisi wenyeji ndio tunaotembea kwa kunyata.

Kila tulipompeleka kwa babu yake, tulimsogeza karibu kabisa. Tulimsogeza mpaka pua ikakaribia kugusa pua. Mume wangu alikuwa akitabasamu na kusema, "Mzuri. Mzuri kweli." Mimi nimeishi naye muda mrefu. Najua anavyosema "mzuri" kwa kitu alichokiona, na najua anavyosema kwa kitu ambacho hakukiona. Alikuwa anatuonea huruma sisi.

Asubuhi moja nilikuwa nakunja nepi, nikamsikia anasema kutoka kwenye kiti chake cha sebuleni, "Kumbe leo ni tarehe kumi na tisa." Alikuwa amesoma kalenda ya ukutani, ile yenye tarakimu nyeusi nene. Mkono wangu ulisimama juu ya nepi. Nikawaza, kama anaweza kusoma tarehe, anaweza kusoma uso. Ni huo uso tu uandikwe kama tarehe, mweusi na mweupe, ukae juu ya karatasi bila kujipinda wala kulia.

Shida ni kwamba mimi na kamera hatujawahi kuelewana. Kwenye harusi ya mpwa wangu walinipa simu niwapige, nikakata vichwa vya maharusi wote wawili nikaibakiza keki.

"Mama, niache nipige mimi," binti yangu alisema.

"Wewe umelala saa ngapi jana?"

"Sijalala."

"Basi kaa. Nipe simu."

Nilimlaza Mgeni kwenye kochi juu ya blanketi lake la maua, nikawasha taa ya chumba na ile ya simu, nikapiga. Binti akanionyesha pa kubonyeza ili rangi ziondoke. Zilipoondoka, yale maua mekundu na majani yake yote yakawa kijivu kimoja, na kijivu hicho kikawa sawasawa na mashavu ya mtoto. Nikampelekea mume wangu. Aliishika simu, akaisogeza huku na huku mbele ya jicho lake.

"Naona nguo," akasema. "Mtoto yuko wapi?"

"Yumo humo katikati."

"Ah. Mzuri," akasema.

Siku hiyo niliupika mchicha wote bila chumvi, na hakuna aliyenisema.

Kesho yake nilikwenda kwa Usicheke. Huyo ni mama wa makamo anayepiga picha za pasipoti kwenye kona ya duka la madaftari na kalamu. Jina hilo amepewa kwa sababu ya kazi yake. Kila anayekaa kwenye kile kiti chake huambiwa, "Tazama mbele, usicheke." Wanasema siku moja alimwambia hivyo hata mtu aliyekuwa akilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuomba elimu."

Aliitazama picha yangu kwa muda. "Mama, hapa ulimpiga nani?"

"Mjukuu wangu."

"Mimi naona blanketi lenye macho."

Nikacheka, naye hakunikataza. Lakini nilipomweleza kuhusu jicho la Fundi Herufi na lile tundu, aliacha utani. Ubao wa duka lake ulikuwa umeandikwa na mkono wa mume wangu. Akasema, "Kesho nitapita kwenu kabla sijafungua."

Alikuja kweli. Alivua viatu mlangoni na kuviweka kando bila sauti, kwa sababu alisikia mtoto amelala. Alizunguka nyumba nzima na kiganja chake amekinyoosha mbele, akikigeuza polepole, akitazama mwanga unavyokilalia. Sebuleni alitikisa kichwa. Chumba cha kulala alitikisa kichwa. Mwisho wa ukumbi, kwenye chumba chetu cha stoo chenye dirisha moja la pembeni, alisimama.

"Hapa."

"Hapa? Kwenye magunia na makopo ya rangi?"

"Mama, mwanga hauchagui vyumba vya wageni." Akalivuta pazia zito, akaniomba shuka jembamba, akalitundika dirishani. Ule mwanga uliokuwa mkali ukawa kama maziwa. "Watu husema macho hayana pazia. Sawa, lakini dirisha linalitaka."

Alinifundisha kwa kunong'ona, na mimi nikaandika nyuma ya bahasha. Zima taa zote, kwa sababu mianga miwili ikikutana usoni hugombana. Mtoto alale kichwa kikiwa upande wa dirisha, kimegeuzwa kidogo, mwanga uteremke kutoka kwenye paji la uso kwenda kidevuni. "Ukipanda kutoka chini, umetengeneza jini." Toa kila kisichokuwa mtoto: chupa, kitambaa, kidole cha mama. Mfute mafuta usoni, asing'ae. Na njoo saa tatu asubuhi, kwa sababu ikifika saa tano jua linaingia lenyewe na kuchoma kila kitu.

"Na nikikosea?"

"Utakosea. Mtoto yupo kesho pia." Kisha akakumbuka jicho la mume wangu, akanishika bega. "Lakini usikawie sana."

Zikaanza asubuhi zetu za stoo. Sijui nizielezeje. Nje mtaa ulikuwa na kelele zake zote, pikipiki, mtu akigonga mabati, lakini nyuma ya lile shuka la dirishani sauti zilifika zimechoka, kama zimetembea mbali. Vumbi lilikuwa likielea polepole kwenye mwanga. Mgeni alikuwa akilala juu ya meza ya zamani ya kuchorea mabango, tumemtandikia godoro lake, mama yake kamwekea mkono pembeni asiviringike, na mimi nikiwa nimesimama juu ya kigoda na simu mkononi, nikimngoja atulie. Kungoja ninakuweza. Nimengoja vyakula viive, nimengoja watoto warudi. Kuna dakika nilisahau hata nilichopandia kigoda, nikabaki natazama tumbo lake linavyopanda na kushuka.

Lakini makosa yalikuja kama alivyosema. Siku ya kwanza nilimlaza juu ya shuka jeupe pee, nikidhani nyeupe ndiyo usafi. Kamera ikaliona lile shuka, ikapumbazika nalo, na uso wa mtoto ukawa giza tupu.

"Mama, umepiga picha kivuli," binti akasema.

Akanionyesha kubonyeza kidole juu ya uso mpaka kijijua kidogo kitokee kwenye kioo, halafu kukisukuma juu. Uso ukatoka, lakini shuka nalo likawaka. Siku ya pili nikatandika mtandio wangu mweusi. Mashavu yakaja vizuri, ila nywele za Mgeni na mtandio vikawa kitu kimoja, na kichwa kikaishia kwenye nyusi.

"Akili ni nywele," binti akasema, "na mwanangu umemnyang'anya zote."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka, na siku ikaishia hapo.

Siku ya tatu nilitandika blanketi la zamani la kijivu. Kila kitu kilikuwa mahali pake, nywele zinaonekana, shuka haliwaki, mafuta nimefuta kwa kitambaa mpaka ngozi ikanyamaza. Nilifuata bahasha yangu neno kwa neno. Lakini picha ilipotoka, uso ulikuwa bapa, kama unga uliokandwa na kuachwa. Pua haikuonekana imesimama. Mdomo ulikuwa mstari. Na siku hiyo mume wangu alimwaga chai pembeni ya kikombe, akasema kikombe kimesogezwa. Hakuna aliyekisogeza.

Siku ya nne nilimwogesha Mgeni mwenyewe ili mama yake alale. Mikono yangu ina mazoea yake. Imeogesha watoto watano, na mtoto akitoka majini, mikono hiyo humpaka mafuta kabla akili haijaulizwa. Nilimfikisha stoo ndipo nikakumbuka. Alikuwa anang'aa kama kibuyu kipya.

"Mama! Usicheke alisema nini?"

"Nimesahau. Lete kitambaa."

Lakini kabla kitambaa hakijaja nilimtazama. Mwanga wa dirisha ulikuwa umemshika. Kwenye shavu ulikuwa umeacha doa dogo jeupe, kwenye ncha ya pua jingine, na mstari mwembamba juu ya mdomo wa juu, na katikati ya hayo ngozi yake nyeusi ilikuwa imeshuka na kupanda kama vilima. Uso mzima ulikuwa umesimama. Usicheke hupiga watu picha kwa taa ya mbele, na kwa taa ya mbele mafuta ni adui. Hapa mwanga ulikuwa unatoka pembeni, na mafuta ndiyo yaliyokuwa yanaandika.

"Acha kitambaa," nikasema.

Palibaki jambo moja. Upande wa uso uliokuwa mbali na dirisha ulizama gizani, nusu ya mtoto haikuwepo. Binti alikuwa na mkono mmoja kwa mtoto, mimi nimeshika simu kwa miwili. Nikasikia mkono unapapasa ukuta wa ukumbi.

"Mbona mko kimya hivyo?" mume wangu akauliza mlangoni.

"Tunampiga Mgeni picha," binti akamwambia. "Ila upande mmoja una giza."

"Dirisha lipo kushoto kwenu?"

"Ndiyo, baba."

Aliinama nyuma ya mlango, kwenye vitu vyake. Akatoa ubao mmoja mkubwa, uliopakwa rangi nyeupe ya kwanza na haukuwahi kuandikwa. Alikuja nao taratibu, akipima hatua, akasimama upande wa pili wa meza.

"Herufi nyeusi inasomeka kwa sababu ya cheupe kilicho pembeni yake," akasema. "Niambie wapi."

"Shusha kidogo. Geuza kwangu. Hapo hapo."

Akaugeuza ubao, na mwanga ukagonga cheupe kile, ukarudi, ukaingia polepole kwenye upande wa gizani. Likatoka sikio. Likatoka shavu la pili. Ilikuwa kama mtu anayepanda kutoka majini bila kusumbua maji.

"Unafika?" akauliza.

Yeye ndiye aliyeshika mwanga, na ndiye peke yake chumbani asiyeona unakokwenda.

"Unafika, mzee wangu."

Mgeni akafumbua macho, akautazama ule ubao mweupe kwa mshangao wa mtu aliyeingia nyumba asiyoijua. Nikapiga.

Usicheke aliikagua picha hiyo kona kwa kona. Halafu akasema, "Mmemwachia mafuta." Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Akaichukua mwenyewe hadi kwenye mashine ya kuchapia ramani za nyumba, akaichapa nyeusi na nyeupe, kubwa kama mlango wa kabati, ili Fundi Herufi asipate shida. Aliikunja kama mkeka akanisindikiza nayo hadi nyumbani, akishikilia upande wake isipinde.

Mume wangu tulimkalisha sebuleni. Binti alimshika Mgeni, Usicheke alisimama na mikono yake kifuani. Nikaifungua picha mbele yake, karibu kabisa, kama tulivyozoea kumsogezea kila kitu.

Alitazama. Akasogeza kichwa kushoto, akakisogeza kulia, juu, chini.

"Mnaona nini?" akauliza.

"Wewe unaona nini, baba?"

"Naona shimo."

"Shimo gani?"

"La pua, nadhani. Ni shimo zuri." Akacheka kidogo, akingoja tucheke naye. Hatukuweza. Akahamisha jicho. "Hiki sasa ni kitu kama mwezi. Shavu? Halafu hapa ni nywele." Akarudisha jicho puani. "Navipata kipande kimoja kimoja. Nikishika cha pili, cha kwanza kimeondoka. Siwezi kuviunga."

Binti yangu akageukia ukuta. Usicheke, mtu anayewakataza watu kucheka, alikuwa anapangusa macho kwa mgongo wa mkono. Mimi nilibaki nimeishika ile picha, mikono imenyooka. Nikarudi hatua moja nyuma ili niiweke mezani.

"Ngoja," mume wangu akasema. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimerudi nyuma."

"Rudi tena."

Nikarudi.

"Pua imekuwa pua. Rudi."

Nikarudi mpaka mlango wa sebule. Akasema rudi. Nikaingia ukumbini kinyumenyume, picha iko mbele yangu imenifunika uso, simwoni yeye wala mtu mwingine, nasikia sauti yake tu inazidi kuwa mbali. Rudi. Rudi. Usicheke alikuja akanishika kiuno nisije nikajikwaa. Nilijihisi kama naelea, kama ninavyoota wakati mwingine kuwa nashuka ngazi ambazo hazina mwisho na siogopi.

"Simama!"

Nikasimama. Nilikuwa kwenye mlango wa stoo.

Sauti yake ikaja kutoka sebuleni. "Mdomo wa juu umetokeza. Kama anataka kununa na hajapata sababu. Nyusi hana, ana kivuli cha nyusi. Kidevuni kuna kishimo." Yote yalikuwa kweli. "Masikio kama ya mama yake. Jicho moja limefunguka kuliko lingine."

Mikono yangu ilikuwa imechoka, lakini nisingeishusha hata kwa dawa. Usicheke akapitisha mkono wake chini ya karatasi akaibeba nami.

"Fundi," akaita, "umemwona?"

Alisema kitu kingine, polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika.

"Kumbe mlikuwa mnamleta karibu mno."

Hapo ndipo tulipoelewa sote, na kila mmoja akaona aibu na furaha kwa pamoja. Wiki tatu na zaidi tulimbandika mtoto kwenye uso wake kwa mapenzi, tukimpa shavu moja, tundu moja la pua, na yeye kwa mapenzi akatuambia mzuri.

"Shusha hiyo picha," akasema. "Mlete mwenyewe. Mama yake asimame naye hapo ulipo."

Binti akaja mbio na mtoto. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Usicheke akazima taa ya ukumbi. Mimi nikafungua mlango wa stoo wote, mwanga wa dirisha ukatoka ukalala ubavuni mwao. Nikamvua binti khanga yake ya maua, nikamfunika mabega blanketi la kijivu. Nikapaka kidole mafuta, nikakipitisha kwenye shavu la Mgeni. Binti akampakata juu ya kifua, uso ukiwa mbele, akamgeuza kidogo upande wa mwanga.

"Hapo, baba?"

"Hatua moja nyuma."

Akarudi hatua moja.

"Hapo."

Mgeni alikuwa amechoka na shughuli zetu. Alikunja uso, akakunjua ngumi moja, akaitazama kama si yake, akaiacha ianguke. Halafu akafungua mdomo, ule mdomo wenye kununa bila sababu, akaufungua mpaka macho yakapotea, akapiga mwayo mrefu kuliko yeye mwenyewe.

Kule mwisho wa ukumbi, kwenye kiti chake, mume wangu akafunika mdomo kwa kiganja, naye akapiga mwayo.